Zimamoto ni kikosi cha nani?

Tuhuma kwamba vikosi vya SMZ (Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar) vina upande, ule wa chama tawala CCM, zinarudi kila uchaguzi. Mwaka 2005 watu walisema "janjaweed", na miaka kumi baadaye wakasema "mazombi", wakimaanisha vijana waliojifunika nyuso na kupiga raia mitaani. Upinzani uliwahusisha na vikosi, Serikali ikakanusha. Ubishi huo sitaufufua hapa. Kinachonishughulisha ni kikosi ambacho kazi yake haihitaji rungu, nacho kinabeba lawama hizo hizo: Zimamoto na Uokozi.

Muundo wenyewe unachangia. Zimamoto ni mojawapo ya Idara Maalum, yaani vikosi vya SMZ, pamoja na JKU (Jeshi la Kujenga Uchumi), KMKM (kikosi cha kuzuia magendo), Valantia na Chuo cha Mafunzo (magereza). Zote zinasimamiwa na wizara moja, ambayo pia ndiyo yenye tawala za mikoa, yaani mlolongo unaoteremka mpaka kwa sheha, msimamizi wa shehia, ngazi ya chini kabisa ya utawala. Raia wa Micheweni, Pemba, aliyenyimwa barua ya utambulisho na sheha wake hawezi kulaumiwa akidhani kuwa gari jekundu nalo linatoka mkono ule ule.

Watetezi wa Serikali hukimbilia Katiba ya Zanzibar ya 1984. Kifungu cha 121 kinaziweka Idara Maalum na kuwakataza watumishi wake kujiunga na vyama, huku kikiwaachia haki ya kupiga kura. Sawa. Lakini ukiwasikiliza wanaolalamika, khasa Pemba, hawazungumzii kadi ya chama. Wanazungumzia ajira. Kijana anayetaka kuingia kikosini lazima atambuliwe na sheha, na sheha hachaguliwi na wakaazi, huteuliwa. Vikosi si jambo dogo kwetu: ni mwajiri mkubwa wa vijana, na hata ligi kuu ya mpira imejaa timu zao (Zimamoto wenyewe waliwahi kuwa mabingwa, mwaka 2016). Mlango ukiwa mpana namna hiyo, na ufunguo wake ukiwa kwa mteule wa Serikali, manung'uniko hayaepukiki.

Kisha kuna kura ya mapema. Sheria ya Uchaguzi ya 2018 iliwaruhusu walinzi na watendaji walio kazini siku ya uchaguzi kupiga kura siku moja kabla. Kuna mantiki: aliyepangiwa zamu asipoteze haki yake. Chama cha upinzani, ACT-Wazalendo, kinaiona kuwa mwanya wa wizi wa kura. Zimamoto, kwa kuwa ni kikosi miongoni mwa vikosi, inaingia katika shutuma hiyo bila kuulizwa.

Hata hivyo, kuna lawama moja nisiyoikubali: kwamba waokozi huchelewa makusudi wanapoitwa kwenye ngome za upinzani. Tukumbuke MV Spice Islander, iliyozama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 ikitoka Unguja kwenda Pemba. Watu walielea kwa saa kadhaa wakishikilia magodoro, na miongoni mwa waliowaokoa walikuwamo wavuvi na wenye boti za wapiga mbizi wa Nungwi. Abiria wengi walikuwa Wapemba, na Pemba ilikuwa ya chama cha CUF tupu. Lakini Serikali ilikuwa ya umoja wa kitaifa, Maalim Seif, kiongozi wa CUF, akiwa Makamu wa Kwanza wa Rais. Meli isiyotakiwa kubeba hata watu 700 iliachiwa kuondoka na zaidi ya 2,000. Maradhi pale yalikuwa usimamizi wa bandari na upungufu wa vyombo vya uokozi. Ukiyaita siasa, unawapa wahusika pa kujifichia.

Wako wanaotaka Zimamoto itolewe Idara Maalum na kukabidhiwa manispaa na mabaraza ya miji. Wazo linavutia, lakini mifuko ya mabaraza hayo tunaijua. Bara nako zimamoto zilikuwa chini ya halmashauri, na sheria ya 2007 ikaziunganisha kuwa jeshi moja, ambalo leo liko Wizara ya Mambo ya Ndani, nyumba moja na Polisi. Kwa hiyo kuhama wizara peke yake si dawa.

Mimi ningeanza na jambo la bei nafuu: daftari la wito litangazwe kila mwezi, shehia kwa shehia, likionesha saa simu ilipopigwa, gari lilipotoka na lilipofika. Na majina ya waliofaulu usaili wa ajira yabandikwe pamoja na alama zao. Mabishano ya barazani yatapata kitu cha kushika. Likionekana gari limetoka Wete upesi na kufika Konde limechelewa, tutabishana juu ya barabara na idadi ya vituo. Likionekana simu ilipokelewa na gari halikutoka, mkuu wa zamu aitwe aeleze.