Alijuaje Njia?

Binti yangu ana miaka minane, na kuna swali analouliza kila tunapokaa pamoja kutazama filamu za safari. Shujaa amepanda mashua, bahari imechafuka, radi zinapiga, picha inakatika. Tukimwona tena yuko ufukweni mwa kisiwa alichokuwa akikitafuta, nguo zinamchuruzika maji. "Alijuaje njia?" ananiuliza. Mara nyingi nakosa jibu, maana hata waliotengeneza filamu hawakujisumbua kulitafuta.

Mwanzoni nilidhani ni udadisi wa kitoto ambao ungepita. Siku hizi naona swali hilo ndilo kipimo bora nilicho nacho. Filamu inajiita ya uvumbuzi, halafu shujaa wake anaongozwa na ramani inayowaka yenyewe, au kito kinachomvuta hadi kwenye hazina. Hapo mtoto amenyimwa kile hasa alichokuja kukitazama. Hazina ni kisingizio tu. Utamu wa safari uko katika kutojua, kisha kujua kidogo, kisha kukosea na kujaribu tena. Ukiyaondoa hayo, unabaki na watu wanaokimbizana katika mandhari ya kupendeza.

Ndiyo maana naipenda Moana, ile katuni ya mwaka 2016. Binti wa chifu anaondoka kisiwani kwao akiwa hajui kuendesha chombo, na filamu haifichi jambo hilo. Kuna mahali anaunyoosha mkono angani kupima nyota kwa kiganja, naye Maui, nusu-mungu anayesafiri naye, anamrekebisha. Ni kipande kifupi sana, lakini nyuma yake kuna elimu ya kweli, na nilipoanza kuifuatilia sikuweza kuiacha. Mwaka 1976, chombo cha tanga kiitwacho Hōkūleʻa, chenye viunzi viwili vilivyoungwa pamoja kwa mtindo wa mababu, kilisafiri katika Bahari ya Pasifiki kutoka Hawaii hadi Tahiti, takribani kilomita 4,000, bila dira wala kifaa kingine cha kuonyesha njia. Aliyekiongoza ni Mau Piailug, baharia wa kisiwa kidogo cha Satawal huko Mikronesia. Ilibidi aombwe yeye, kwa sababu Hawaii kwenyewe elimu hiyo ilikuwa imepotea. Mau aliifundishwa na babu yake tangu akiwa mdogo. Alijua kila nyota inachomoza wapi kwenye upeo na inazama wapi. Mawingu yakiziba anga, aliyasikiliza kwa mwili wake mawimbi marefu yanayotoka mbali, jinsi yanavyokiinua chombo na kukiyumbisha. Na ndege wanaovua baharini mchana walimwonyesha nchi kavu iliko, kwa kutazama wanaelekea wapi jioni.

Nilipomweleza binti yangu hayo, aliomba tuirudie filamu. Safari hii alikuwa akitazama mkono wa Moana, si nyimbo.

Filamu hiyo ina siri pangoni: mababu wa kisiwa kile walikuwa mabaharia, kisha wakaacha. Nalo lina mzizi katika historia. Watu waliofika Samoa na Tonga walikaa huko zaidi ya miaka elfu moja kabla uzao wao haujasonga mashariki kuelekea visiwa vya mbali, na wataalamu bado wanajadiliana kwa nini. Swali kubwa kama hilo, limewekwa ndani ya katuni ya watoto! Ninachoilaumu ni kwamba bahari yenyewe inamsaidia Moana kupita kiasi, inamrudisha chomboni kila anapoangukia majini. Kila bahari inapoingilia, binti yangu huacha kuuliza, maana jibu limeshakuwa uchawi.

Katika Up, katuni ya mwaka 2009 ambamo mzee anairusha nyumba yake kwa maputo kuyafuata maporomoko ya mbali, njia haina maana sana. Kifaa cha kuonyesha uelekeo kinadondokea dirishani na dhoruba ndiyo inayoifikisha nyumba ya maputo karibu na maporomoko. Hilo naisamehe, kwa sababu ya yule mvumbuzi mashuhuri, Charles Muntz. Amekaa miongo mingi akimwinda ndege mmoja wa ajabu ili kulisafisha jina lake, ana chombo kikubwa cha angani na kundi zima la mbwa, na hajampata. Russell, mtoto aliyefika siku ileile, anamvuta ndege huyo kwa kipande cha chokoleti. Sijui namna bora zaidi ya kumwonyesha mtoto tofauti kati ya kutaka kujua na kutaka kumiliki.

Lakini filamu inayolijibu swali la binti yangu kwa uaminifu kuliko zote ni Finding Nemo, ya 2003, ingawa watu wengi huikumbuka kwa machozi tu. Marlin, samaki anayemtafuta mwanawe Nemo aliyechukuliwa na watu, hajui Sydney iko wapi. Hana ramani, hana kipaji. Anachofanya yeye na Dory, samaki msahaulifu aliyekutana naye njiani, ni kuuliza, na kuuliza si ujinga: kundi la samaki linawaelekeza, kasa wanawabeba kwenye mkondo wa bahari, na habari zao zinatangulia kutoka kiumbe hadi kiumbe. Tena filamu inaonyesha gharama ya kutosikiliza. Wale samaki walimwambia Dory kwamba wakifika kwenye korongo wapite ndani yake, wasipite juu. Yeye husahau upesi, lakini akilini mwake kimebaki kitu. Marlin analiona korongo lilivyo giza, anaogopa, anamlaghai Dory wapite juu kwenye mwanga, na huko juu kumejaa yavuyavu. Kosa ni la mzazi mwenye nia njema. Kila nikikitazama kipande hicho nakaa kimya, kwa sababu ningechagua kama yeye.

Mara ya mwisho tulipoitazama, binti yangu hakuuliza kitu hadi walipofika pale. Akasimama mbele ya kioo, ameinua mikono yote miwili, akimpigia kelele Marlin: "Ndani! Walisema upite ndani!"