Kikombe cha asubuhi: bingwa wa kifafa au dawa ya zahanati?

Mkoani Tanga, panapozungumzwa huduma za wenye kifafa, majibu huwa mawili. Wako wanaotaka daktari bingwa wa ubongo na mishipa ya fahamu, aliyebobea katika kifafa, matatizo ya usingizi na maradhi ya kutetemeka, ili mgonjwa asisafiri zaidi ya kilomita 300 hadi Dar es Salaam. Wengine wanasema bingwa na asubiri: kwanza tabibu wa zahanati afundishwe, na dawa zisikatike.

Hoja ya hawa wa pili ni nzito. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao milioni 50 wana kifafa, wengi wao katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na kwamba hadi asilimia 70 wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangetibiwa ipasavyo. Fenobabitoni, iliyoanza kutumiwa kwa kifafa mwaka 1912, ni ya bei nafuu na humezwa mara moja kwa siku. Ubaya wake ni kwamba ikikatishwa ghafla, mgonjwa anaweza kushikwa mfululizo bila kuzinduka, na hali hiyo huua. Mvuvi wa Pangani, ambaye akianguka kwenye ngalawa huenda asiibuke tena, anahitaji vidonge vya mwezi ujao kuliko miadi ya bingwa.

Hata hivyo, wanaomwona bingwa kuwa ni anasa hawajajiuliza kwa nini ujuzi huo wa aina tatu hukutana kwa mtu mmoja. Tuchukue mfano wa msichana wa miaka 15 wa Ngamiani. Asubuhi, hasa akiwa amekesha harusini, mikono humshtuka na kikombe cha chai kikamponyoka. Shangazi anasema usingizi haujamtoka. Bibi anasema amepandwa na shetani (na bibi, kwa haki, ndiye pekee aliyeona kuwa huo si uzembe). Kumbe kipo kifafa cha namna hiyo, kinachoanza ujanani na kuchochewa na kukosa usingizi. Akipewa kabamazepini, dawa inayowafaa wengine, mishtuko inaweza kuzidi. Valproeti ingemtuliza, lakini akishika mimba inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Fenobabitoni nayo inaweza kumfanya asinzie darasani. Sioni ni kwa haki gani tumtwishe tabibu uamuzi huo peke yake.

Kuna pia mzee anayerusha ngumi ndotoni, ambaye miaka baadaye mkono unaanza kutetemeka. Nyumbani huambiwa ni uzee, ilhali huenda ni ugonjwa wa Parkinson, ambao una dawa za kuupunguza makali.

Kwa maoni yangu, dawa ya zahanati itangulie, na bingwa aletwe awe mwalimu wa matabibu na mtu wa kupigiwa simu, kuliko kuketi mjini akisubiri foleni. Kipimo cha umeme wa ubongo hakiwezi kuchukua nafasi yake, kwani mgonjwa anaweza kupimwa akiwa mtulivu na majibu yakaonekana ya kawaida kabisa. Jambo linalomsaidia sana bingwa ni kuona tukio lenyewe lilivyoanza, mkono upi ulitangulia, macho yaligeukia wapi. Mama aliyelirekodi kwa simu yake, hata kama ni kwa mwanga wa kibatari, amekwisha kumrahisishia kazi.