Picha inapotangulia mtu

Jumapili moja nilimkuta mpwa wangu barazani anachagua picha za kuweka kwenye programu ya kutafuta mchumba. Ana miaka 24. Picha zilikuwa za harusi ya kaka yake, amevaa gauni la kitenge, anacheka kwa meno yote. Akaanza kuzikata. Miguu ikaondoka, kikafuata kiuno, mwisho mikono. Ukabaki uso na mabega. Kwa picha hiyo akampata kijana, wakaandikiana wiki tatu. Kila kijana alipotaka waonane, yeye alipiga kalenda. Nilipomuuliza kulikoni, akanijibu, “Mjomba, ngoja nipungue kwanza.” Alikuwa anashinda na chai ya tangawizi na limau, mchana nusu parachichi, usiku analala hivyo hivyo.

Wanaozilaumu programu hizi kwamba zinawafanya watu waichukie miili yao hawazushi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2019, uliohusisha watu wazima 1,726, uliuliza kuhusu njia za hatari za kupunguza mwili kama kujitapisha, kujinyima chakula na kumeza vidonge vya kukonda au vya kuharisha. Kwa wanawake wanaotumia programu hizo, uwezekano wa kutumia njia hizo ulizidi wa wasiotumia kwa mara 2.7 hadi 16.2, kulingana na njia yenyewe. Wanaume nao hawakuwa mbali: mara 3.2 hadi 14.6. Kabla ya hapo, utafiti mwingine wa huko huko, hasa miongoni mwa wanafunzi wa vyuo, uliwakuta watumiaji wa Tinder, mojawapo ya programu hizo, wakiwa hawaridhiki na miili yao kuliko wasioitumia. Waliojithamini kidogo kuliko wote walikuwa wanaume wanaoitumia.

Lakini tafiti hizo zilipima watu mara moja tu. Hazisemi kipi kilitangulia. Huenda aliyekuwa tayari anaudharau mwili wake ndiye anayekimbilia simu, kwa kuwa pale anaweza kuikata mikono yake pichani. Kisha tuseme ukweli, Tinder ilianza mwaka 2012, na mkorogo ulikuwa mitaani kwetu kabla yake. Dawa za kuongeza makalio hazikuletwa na simu. Shangazi anayekupokea msibani kwa kusema “umefutuka mwanangu” hajawahi kufungua programu yoyote. Na wapo waliopata riziki yao humo: mjane asiyetaka kusemwa mtaani, kijana mwenye haya, mtu anayefanya kazi ugenini. Huko Marekani, kati ya wapenzi wa kike na kiume waliokutana mwaka 2017, asilimia 39 walikutana mtandaoni. Huwezi kuwaambia wote hao kwamba walipotea njia.

Hoja hii naikubali, ila hainitoshi. Shangazi anayesema umefutuka anakujua. Anajua ulivyomuuguza mama yako, na neno lake moja linakaa kati ya mengine mengi. Kwenye programu picha inafika peke yake, na mtu anahukumiwa kwa kidole kinachotelezesha picha yake kando kabla hajasema hata “habari za saa hizi”. Anayekataliwa haambiwi kitu. Zamani mshenga akirudi mikono mitupu, alirudi na neno: binti bado anasoma, baba yake amesafiri. Mara nyingi ulikuwa uongo, lakini uongo wa kumsitiri mtu. Simsifu mshenga kwa kila jambo, maana mabinti wengi waliozwa bila kuulizwa. Nasema tu kwamba kule kukataa kulikuwa na sitara. Siku hizi kijana anakutana na kimya, na kimya hicho anakijazia sababu mwenyewe. Kwa kuwa alichoweka pale ni mwili, sababu inakuwa mwili.

Wenye programu wanajua hili. Januari 2021 Bumble, programu nyingine ya aina hii, ilipiga marufuku maneno ya kudhalilisha maumbile ya watu, na ilifanya vizuri. Ila kanuni hiyo inazuia matusi, haigusi kimya. Mwaka 2025 Tinder nayo ikajaribu kuwapa wateja wanaolipia nafasi ya kutaja urefu wa mtu wanayemtaka. Mimi ningetaka kinyume chake: sauti na maneno vije kwanza, picha ifunguke baada ya watu kuzungumza. Najua itapunguza kasi ya vidole, na biashara yao inategemea kasi hiyo. Hata hivyo, anayelala na njaa kwa ajili ya picha ni mtoto wa mtu.

Mpwa wangu alionana na yule kijana mwishowe, kwenye kibanda cha samaki Kigamboni. Alimkuta ni mfupi. Picha zake zote alikuwa amepigwa ameketi, na siku hiyo pia alikuwa amewahi kufika ili akutwe mezani. Uchumba haukufika popote. Walikaa mpaka saa mbili usiku, wakielezana jinsi kila mmoja alivyochagua picha zake, na sahani ya changu na ugali mpwa wangu aliimaliza yote.