Baba, nikikata kidogo tu?

Juma lililopita mwanangu, ana miaka 11, alirudi kutoka shuleni akavua patka, kile kitambaa wanachofunga wavulana wetu sisi Masingasinga, watu wa dini ya Sikh, kabla hawajaanza kilemba, akaniuliza: "Baba, nikikata kidogo tu?" Mwalimu alikuwa amemwambia mbele ya wenzake kwamba mvulana nadhifu ni aliyenyoa. Kwa jinsi shule zetu za Kenya zinavyopenda vichwa vilivyonyolewa, sikushangaa. Niliumia.

Sikumjibu usiku ule. Asubuhi nilimkalisha kwenye kigoda nikamchana kama kawaida. Nywele zake zinafika kiunoni. Huanzwa nchani, kisha unapanda taratibu, kwa kitana cha mti, kangha, ambacho nacho ni amana kama nywele zenyewe. Zinazong'oka huzikusanya mwenyewe kiganjani. Nikazisokota, nikamfungia fundo utosini. Halafu ikawa zamu ya kilemba changu. Kina zaidi ya mita tano, na mtu mmoja hawezi kukikunja vizuri, kwa hiyo yeye hushika ncha moja mimi nyingine, tunakivuta hadi kikaze. Sebule yetu haitoshi, huishia amesimama koridoni.

Akiwa kule koridoni ameshika ncha, ndipo nilipomweleza.

Marafiki wanaotutetea husema mwacha mila ni mtumwa. Nawashukuru, ila hapo sikubaliani nao. Mila unazaliwa unaikuta. Nywele hizi ni ahadi, na kila mmoja wetu huitoa kwa kinywa chake. Mwaka 1699, siku ya sikukuu ya Vaisakhi, kule Anandpur, India, kiongozi wetu wa dini, Guru Gobind Singh, aliuliza mbele ya umati ni nani yuko tayari kutoa kichwa chake. Walijitokeza watano, mmoja baada ya mwingine, na hao ndio mwanzo wa Khalsa, jumuiya ya Masingasinga waliokula kiapo. Baba yake, Guru Tegh Bahadur, alikuwa amekatwa kichwa Delhi mwaka 1675, na wazee wetu husimulia kwamba siku ile baadhi ya wafuasi walijichanganya na watu wasitambulike. Guru Gobind Singh akataka watu wasioweza kujificha. Anayeonewa sokoni akiona kilemba, ajue pale yupo mtu aliyeapa kumsimamia. Na mwenye kilemba akitenda ubaya, asipate pa kujificha pia.

Ndiyo maana "kidogo tu" haipo. Kwa aliyekwisha kula kiapo cha Khalsa, kukata nywele ni kosa kubwa, si suala la urembo. Lahore, mwaka 1745, Bhai Taru Singh aliambiwa achague nywele au uhai, akakataa kunyolewa, wakamchuna ngozi ya kichwa pamoja na nywele zake. Katika sala yetu ya kila siku tunawakumbuka waliofanyiwa hivyo.

Wanawake wetu, ambao husahaulika kila tunapozungumzia vilemba, wamebeba ahadi hiyohiyo. Dada yangu hatindi nyusi, hanyoi miguu. Macho anayokutana nayo kwenye harusi ni makali kuliko yangu barabarani, kwa kuwa mimi wananiita Kalasinga na kunisalimia, wengine wakimkumbuka Joginder Singh, Simba wa Kenya, aliyeshinda mbio za magari za Safari Rally mara tatu.

Delhi ya 1984 sikumgusia mwanangu bado. Baada ya Waziri Mkuu wa India, Indira Gandhi, kuuawa na walinzi wake Masingasinga, magenge yaliwawinda watu wetu mitaani, na wako waliokata nywele ili waishi, wako akina mama waliowanyoa wana wao kwa mikono yao. Siwezi kumnyoshea kidole hata mmoja wao. Lakini darasa lenye madirisha na ubao, katika nchi ambayo Kifungu cha 32 cha Katiba kinamlinda kila mtu katika imani yake, halina haki ya kumdai mtoto kile walichodaiwa wale kwa mapanga na moto.

Alinisikiliza mpaka kitambaa kikaisha kukunjwa. Akauliza, "Kwa hiyo mimi nimeshaahidi?" Nikamwambia bado, mwanangu, siku hiyo utaichagua mwenyewe ukiwa mkubwa. Kazi yangu ni kuhakikisha hakuna anayekuchagulia kwa mkasi.

Jumatatu naenda kumwona mwalimu. Mwanangu ameomba twende pamoja, na ameshaitoa kabatini ile patka ya buluu anayovaa siku za sikukuu.