Gundi ya nyuki si ya kila ngozi
Makala niliyosoma inasema krimu yenye gundi ya nyuki (propolis, utomvu wa miti ambao nyuki huzibia mizinga) inafaa kila ngozi kwa kuwa ni kitu cha asili. Hapo sikubali hata kidogo. Nafuga nyuki Sikonge, mkoani Tabora, na gundi hiyo naikwangua mwenyewe mizingani: jua likiwaka inanata vidoleni kama ulimbo, ikipoa inavunjika kama kigae. Naiponda, naloweka kwenye alkoholi ya asilimia 70, natikisa kila siku kwa wiki mbili, halafu nachuja. Nta inabaki kwenye kitambaa, chini inadondoka dawa ya kahawia iliyokoza. Inasaidia kweli, chunusi za binti yangu zilipungua. Lakini mdogo wangu aliipaka midomoni, siku ya tatu midomo ikavimba na kutoa malengelenge, na nililia naye. Mzio huu unajulikana. Ulaya, tangu 2019, gundi ya nyuki imo kwenye orodha ya msingi ya vitu ambavyo madaktari wa ngozi humpima navyo mgonjwa kuona kama vinamletea mzio. Tena gundi si moja: ya Ulaya nyuki huikusanya zaidi kwenye miti iitwayo mipopla, ile ya kijani ya Brazili kwenye kichaka kiitwacho Baccharis, ya kwetu kwenye miti ya miombo. Basi kopo lisiloandika imetoka wapi na imewekwa kiasi gani linamsaidiaje mnunuzi? Mimi sasa simuuzii mtu kabla hajapaka tone moja ndani ya kiwiko na kusubiri siku kadhaa. Wenzangu mnaotengeneza, nyie mnawapimaje wateja wenu?