Miezi sita ya Mfalme Richard

Akitajwa Richard wa Kwanza, yule Moyo wa Simba, hakosekani mtu wa kuitoa ile hesabu: katika miaka karibu 10 ya ufalme, Uingereza alikaa miezi 6 tu. Hesabu yenyewe ni sahihi. Alivikwa taji Westminster Septemba 1189, na Desemba akavuka bahari kuelekea Vita vya Msalaba. Alirudi Machi 1194, Mei akaondoka tena, na hakuonekana huko mpaka mshale ulipommaliza Châlus, Ufaransa, Aprili 1199. Mfalme mtoro, basi.

Lakini hesabu hiyo inahesabu chumba kimoja na kuacha nyumba nzima. Milki aliyorithi ilianzia mpaka wa Scotland ikateremka hadi milima ya Pyrenees: Normandy na Anjou za baba yake Henry wa Pili, Aquitaine ya mama yake Eleanor. Adui yake mkubwa, Philip wa Ufaransa, alikuwa akinyemelea Normandy, si Yorkshire. Henry naye alitawala miaka 34 na zaidi ya nusu yake akaimaliza ng'ambo, ila yeye husifiwa kwa sheria na mahakama zake, wala hakuna anayemhesabia miezi.

Na kazi haikulala. Askofu Mkuu Hubert Walter aliiendesha nchi kwa niaba ya mfalme, na mwaka 1194 kila wilaya ikapata maofisa wa kuchunguza vifo vya mashaka, cheo ambacho kingalipo Uingereza. Richard alipotekwa karibu na Vienna mwaka 1192, akirudi kutoka Vita vya Msalaba, na kutakiwa fidia ya marki 150,000 za fedha (marki ni kipimo cha uzito wa fedha), watu walitozwa robo ya mapato na watawa wakatoa sufu ya kondoo wao. Eleanor, akiwa na miaka kama 70, alisafiri hadi Ujerumani na mzigo huo. John, mdogo wake Richard, yeye alishirikiana na Philip kumwahidi kaisari wa Ujerumani, aliyemshikilia Richard, fedha ili mfungwa aendelee kushikiliwa. Ndugu wa tumbo moja!

Wanaomlaumu wana hoja moja ambayo siwezi kuikwepa. Machi 1190, Wayahudi wapatao 150 walikufa katika ngome ya York wakiwa wamezingirwa na umati. Walikuwa chini ya ulinzi wa mfalme, na mfalme alikuwa Ufaransa akijiandaa kwa safari. Hapo kutokuwepo kwake kulitoza damu. (Mateka Waislamu wa Akka, mji wa Nchi Takatifu, aliowaua mwaka 1191 ni doa jingine, halihusiani na kukaa au kutokaa.)

Kosa lake kubwa zaidi naliona katika familia. Alimwoa Berengaria wa Navarra huko Limassol mwaka 1191, wasipate mtoto. Alipokufa, makabaila wa Anjou walimtaka Arthur, mwana wa marehemu ndugu yake Geoffrey. Uingereza na Normandy zikamchukua John. Arthur alitoweka akiwa mikononi mwa ami yake, na mwaka 1204 Normandy ikaenda. Baada ya hapo John akakaa Uingereza kuliko baba yake na kaka yake, akizunguka wilaya kwa wilaya na kudai fedha, hadi makabaila walipomfikisha Runnymede mwaka 1215, akakubali Magna Carta, hati ya kuwekea mfalme mipaka.