Tarakimu milioni 41 ni mwanzo tu
Mwandishi wa makala niliyoisoma kuhusu namba tasa (isiyogawanyika ila kwa 1 na yenyewe) ameishia kwenye tarakimu 41,024,320 za ile iliyopatikana Oktoba 2024, yaani 2 kwa kipeo cha 136,279,841, toa 1. Jamani, uhondo wenyewe umeachwa! Iandike kwa kizio cha pili, chenye tarakimu 0 na 1 tu: ni moja tupu, 136,279,841 mfululizo, hakuna sifuri hata moja. Tena inazaa namba kamilifu, yaani iliyo sawa na jumla ya vigawo vyake ukiiacha yenyewe. Mtazame mdogo wake, 7, yaani 2 kwa kipeo cha 3, toa 1: mzidishe kwa 4 upate 28, kisha jumlisha vigawo vya 28 ukiiacha yenyewe, 1+2+4+7+14, unarudi 28 ile ile. Na si kweli, kama makala inavyosema, kwamba kipeo kikiwa tasa inatosha namba yenyewe kuwa tasa. Kipeo 11 kinatoa 2047, ambayo ni 23 mara 89. Ndiyo maana hii ya Luke Durant, aliyeigundua, ilibidi ipimwe kwa jaribio la Lucas-Lehmer, linaloonyesha kama namba ya aina hii ni tasa kweli.